Anti, nina kichwa kigumu kwenye pombe, ila Ijumaa sikumbuki nimerudije

Anti shikamoo.

Naomba usinitaje jina. Mimi ni kijana wa miaka 21, niko chuo mwaka wa pili. Sijui nianzie wapi, ngoja niseme tu, nataka kujua kama mimi ni mlevi au sio mlevi, basi. Dada yangu kasema mimi mlevi, washkaji wanasema dada ana mambo ya kizamani, na mimi mwenyewe nikijiangalia naona sio, ila kuna kitu kinanikosesha raha.

Kabla ya chuo sikuwa nakunywa kabisa, nyumbani kwetu pombe hata haitajwi. Mwaka wa kwanza, wiki ya pili tu, rumumeti akanibeba kwenye pati. Mi mtu wa aibu Anti, yani mbele ya watu watatu ulimi unakuwa mzito, sasa siku ile nikanywa bia mbili nikaongea mpaka nikajishangaa, nikacheza, nikachekesha watu, kesho yake watu wananisalimia kwa jina. Toka siku ile nikajua dawa yangu iko wapi.

Sasa hivi ratiba yangu ni Ijumaa na Jumamosi. Katikati ya wiki sigusi, naapa. Kwa siku napiga bia sita, zile chupa za nusu lita, na saa nyingine shoti mbili tatu juu yake ila hizo huwa sihesabu. Na nina kichwa kigumu Anti, washkaji wananiita Tanki. Wenzangu wakifika chupa ya nne wanaanza kulia na kuwapigia simu maeksi wao, mimi ndo kwanza macho yanafunguka, mimi ndo nawarudisha watu hosteli. Ndo maana nasema mlevi ni yule anayeyumba, mimi siyumbi.

Tatizo ni kwamba toka semista hii ianze imenitokea mara tatu, kama mwezi mara moja hivi, naamka sikumbuki kitu. Na sio kwamba nilikuwa nimelala, watu wanasema niliongea vizuri tu, nikacheza, bili nikalipa. Ijumaa iliyopita ndo imenimaliza, nimekuta kwenye simu nimempigia dada saa nane usiku, tumeongea dakika 17, sikumbuki hata neno moja. Nilipomuuliza nilisema nini akasema "mdogo wangu unakunywa sana, nilichokisikia siku ile sikuambii mpaka uache." Toka hapo sina amani.

Vingine ni vidogo vidogo. Jumapili napata wasiwasi wa ajabu, moyo unadunda, nahisi kuna kitu kibaya nimefanya na watu wote wananisema, unaisha Jumatatu jioni au Jumanne. Mara moja moja nimetoa loki asubuhi kwa bia moja nikakaa sawa, semista hii nadhani mara mbili. Testi moja ya Jumatatu niliikosa. Halafu kabla ya kutoka nakunywa kidogo peke yangu rumu kwangu hosteli ili nikifika niwe nimeshachangamka. Aa, na kuna mshkaji wetu mwezi uliopita alizima kabisa, tukamtikisa hakuamka, tukamlaza chali kitandani tukafunga mlango tukarudi kwenye pati, asubuhi tukamkuta katapika mpaka masikioni, tulicheka sana siku ile, sasa hivi tunamwita Marehemu.

Niambie ukweli Anti, mimi mlevi? Na kama sio, dada nimwambieje?

Ni mimi, Tanki.

*

Marahaba mwanangu.

Umenipangia mambo yako vizuri, makubwa juu na madogo chini, ila umeyapanga kichwa chini miguu juu. Mimi naanza na la mwisho, huyo mnayemwita Marehemu, maana nilipofika hapo niliiweka barua pembeni kwanza. Mlikuwa karibu sana kumpa hilo jina kwa haki.

Sikiliza vizuri kwa sababu wewe ndo unajiita mrudisha watu. Mtu akizima sio kwamba pombe imefika mwisho. Ile aliyokunywa nusu saa iliyopita bado iko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu, kwa hiyo mtu unamwacha saa sita yuko hivi, saa saba yuko vibaya zaidi na hajaongeza hata tone. Pombe ikizidi inalaza mpaka ile sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi, na inalaza pia kile kitendo cha koo kujifunga na kukohoa kitu kikienda njia mbaya. Sasa mtu wa hivyo ukimlaza chali akatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Anakufa kimya kimya, mlango umefungwa, muziki unapiga, na nyie mko upande wa pili mnacheka. Yule kijana alitapika mpaka masikioni akapona kwa bahati, sio kwa sababu mlimtunza.

Siku nyingine, na kwa maisha unayoishi itakuwepo, mtu mlaze ubavu, goti la mguu wa juu likunjwe mbele ili asigeuke, kichwa kiegemee mkono wake, mdomo uangalie chini. Halafu mtu mmoja abaki naye, na sio wa kuchungulia mara moja moja. Mhesabieni pumzi. Zikipungua chini ya 8 kwa dakika, au kati ya pumzi na pumzi zikapita sekunde 10 au zaidi, au ngozi imekuwa ya baridi na midomo imebadilika rangi, au anatapika huku haamki, au mwili unakakamaa na kurushwa kama wa kifafa, au basi tu mmemtikisa na kumwita na hajibu, hapo ni kuita msaada wa dharura au kumkimbiza hospitali, hapohapo. Msimmwagie maji baridi, msimnyweshe kahawa, msimtie vidole kooni, msimtembeze. Najua mnachoogopa, mnaogopa chuo wakijua. Bora msemwe nyie wote kuliko kupiga simu kwa mama wa mtu asubuhi.

Nimemaliza hilo. Sasa Tanki.

Nimeona unavyolisema neno kichwa kigumu, kama mtu anayetaja kipaji. Kwa bahati mbaya hicho sio kipaji. Kuna wachache wamezaliwa hivyo, na hao pia wanaishia kunywa zaidi ya wengine, lakini wewe mwenyewe umesema mwaka jana bia mbili zilikutosha kucheza na kuchekesha watu, leo sita ndo macho yanafunguka. Ubongo wako umezoea. Ile pombe kwenye damu ni ileile, kilichobadilika ni kwamba king'ora kimekatwa waya. Wenzako wanaolia chupa ya nne na kupigia maeksi simu, unawacheka, lakini king'ora chao kinafanya kazi, kinawalaza au kinawatapisha kabla hawajafika unakofika wewe. Ini lako halijui kama unaitwa Tanki.

Tupige hesabu kidogo, na shoti tuzihesabu safari hii. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe. Sita ni gramu 120. Shoti ya mililita 30 ya pombe ya asilimia 40 ni karibu gramu 10, yani mbili ni chupa nyingine nzima uliyoificha. Shirika la Afya Duniani likizungumzia unywaji mzito wa mkupuo mmoja linaanzia gramu 60, wewe hapo uko chupa ya tatu, bado hata hujaanza kujisikia Tanki. Na ini kwa wastani linaondoa kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, haliharakishwi na kahawa wala kuoga wala kutoka jasho. Kwa hiyo ukianza saa mbili usiku, bia sita na shoti tatu, hata tukikupa ini la haraka unakuja kuwa msafi saa tano asubuhi. Ukiamka saa mbili ukaendesha pikipiki unajiona una hengova tu, hapana, bado umelewa.

Sasa hilo la kutokumbuka. Watu wengi wanachanganya kuzima na kufutika. Kuzima ni kama yule mwenzenu, mtu amelala. Kufutika ni wewe: unatembea, unaongea, unalipa bili, ila ile sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, hipokampasi, imeacha kuandika. Ni kama kamera ambayo kwenye skrini inaonyesha kila kitu lakini hairekodi. Ndo maana nakwambia usikae kujikamua ukumbuke zile dakika 17, hazijafichwa mahali, hazikuandikwa. Na kinacholeta hali hiyo zaidi ni pombe kupanda kwa haraka, na wewe unaipandisha haraka kwa makusudi, kile kidogo cha chumbani kabla hujatoka, tumbo likiwa tupu sijui, halafu shoti juu ya bia. Kinachotisha kwenye kufutika ni kwamba hata aliyekaa na wewe hajui. Anaona mtu mzima anayejibu maswali. Unaweza kukubali kitu, kumkubali mtu, kupanda gari, kugombana, na hakuna mtu ndani anayeandika. Mara tatu kwa semista moja, mwanangu, na bado umeliweka swali lako kwenye kuyumba na kutoyumba.

Ule wasiwasi wa Jumapili nao sio dhamiri yako peke yake, ingawa dhamiri nayo ina lake. Pombe inatuliza ubongo, na ubongo haupendi kutulizwa kwa lazima kwa hiyo unakanyaga mafuta ili ujisawazishe. Pombe ikitoka mguu bado uko kwenye mafuta. Ndo hapo moyo unadunda na kila aliyekuangalia unahisi anakusema. Kutoa loki kunakutuliza kwa sababu umeirudisha breki ileile, maana yake deni umelisogeza mbele. Na angalia hapa: wewe una siku tano kavu kila wiki, kuacha ghafla hakutakuletea balaa. Ila mtu anayekunywa kila siku, akikosa anatetemeka mikono, anatoka jasho, huyo asiache peke yake chumbani kwa ushujaa, anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa, huyo aende hospitali asaidiwe kushuka. Ukijiona umefika huko, hiyo sio kazi ya Anti tena.

Mlevi au sio mlevi? Hilo neno silitumii, na nakwambia kwa nini, kila anayelitumia anamtafuta mtu mwingine mbovu kuliko yeye ili aseme mlevi ni yule. Wewe umemchagua anayeyumba. Anayeyumba amemchagua anayelala mtaroni. Madaktari wana njia yao, kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani linaitwa AUDIT, maswali 10, pointi za juu kabisa 40. Nimekaa nikakujazia kwa barua yako. Unakunywa mara mbili kwa wiki, 3. Kiasi cha siku moja, wao wanahesabu kwa kipimo cha gramu 10 hivyo wewe ni 12 na kuendelea, 4. Kunywa vipimo 6 au zaidi kwa mkupuo, kila wiki, 3. Kufutika kila mwezi, 2. Kushindwa kufanya ulichotakiwa kufanya, ile testi, nimekuhurumia nimeweka 1. Pombe ya asubuhi ya kujiweka sawa, 1. Ndugu kukwambia upunguze, na ni mwaka huu, 4. Jumla 18. Yamebaki maswali matatu sijayagusa, mojawapo linauliza kama huwa unajuta ukishakunywa, na barua nzima hii ni nini kama sio hiyo? Kuanzia 8 wanasema unywaji wako ni wa hatari. 16 mpaka 19 wanasema huyu akae na mshauri na afuatiliwe. 20 kwenda juu achunguzwe kama ameshakuwa mtegemezi wa pombe. Wewe uko mlangoni pa 20, hujagonga bado.

Lakini mimi nilichokiona zaidi kwenye barua yako ni ile aibu. Uliandika sentensi mbili ukapita, halafu huku chini ukasema unakunywa peke yako chumbani ili ufike umechangamka, yani hizo ni hadithi moja umeikata vipande viwili. Wewe hupendi bia. Unampenda yule kijana anayeongea. Na mimi namwelewa kabisa, kuingia sehemu ya watu wengi huna la kusema mikono hujui uiweke wapi, ni mateso, nisikudanganye kwamba ni kitu kidogo. Ila angalia kilichotokea: karibu miaka miwili yule kijana muongeaji anakuja na chupa anaondoka na chupa, wewe hujajifunza kwake hata salamu. Aibu yako iko palepale ilipokuwa wiki ya pili ya mwaka wa kwanza, haijapata mazoezi. Na ile aibu ya kuganda mbele za watu ina msaada wake, washauri wanaifanyia kazi kwa mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua na watu wanafunguka kweli. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri kwa wanafunzi. Nenda hapo, na usiende na swali la pombe kwanza kama linakutia kinyaa, nenda na la aibu, la pombe litajileta lenyewe.

Halafu kuna uongo mmoja wa chuo, kwamba kila mtu anakunywa. Wachunguzi wameliangalia hili miaka mingi na wamekuta wanafunzi wanakadiria wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli. Ni rahisi kuona kwa nini, ukiwa kwenye pati unawaona waliokuja, wale waliolala hosteli na daftari kifuani huwaoni. Hao pia ni watu, na wengi wana aibu kama yako.

Ufanye nini? Siku 30 bila pombe kabisa, sio kupunguza. Kupunguza kwa mtu asiyehesabu shoti ni maneno tu. Toka na washkaji kama kawaida ukitaka, shika glasi ya soda mkononi hakuna atakayekuuliza baada ya dakika kumi, na usiingie kwenye zile zamu za kununuliana maana hapo unakunywa kwa mwendo wa aliye na kasi kuliko wote. Lile saa moja la kwanza litakuwa baya, utaganda, utatamani kuondoka. Ondoka ukitaka, hujafungwa. Ila zungumza na mtu mmoja kwanza, mmoja tu. Ijumaa ya pili afadhali kidogo. Na uandike, Ijumaa hii nilijisikiaje, Jumapili je, moyo ulidunda?

Siku 30 zikipita vizuri utajua mwenyewe unarudi kwa kiasi gani au hurudi kabisa. Zikikushinda, usijitukane na usinifiche. Maana yake ni kwamba umepita pale ambapo mtu anaweza kupambana peke yake, unaenda kwa daktari, zipo dawa kama naltreksoni zinazopunguza ile hamu, na yapo makundi ya watu wanaokaa pamoja kuacha, la Alcoholics Anonymous lipo toka 1935 na halidai ada. Wewe una miaka 21, kile kipande cha ubongo cha kusema "hapana, inatosha" kinaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, bado kinajengwa na wewe kila wikiendi unakimwagia maji.

Dada sasa. Uliuliza umwambieje kama sio mlevi, ulitaka nikupe karatasi ya kumshinda. Sikupi. Mtu aliyepokea simu saa nane usiku akakaa nayo dakika 17 akimsikiliza mtu amelewa, huyo sio wa kizamani, huyo anakupenda na amesikia kitu kilichomuumiza, huenda kilikuhusu wewe, huenda ni kile kile ambacho huwezi kukisema ukiwa mzima. Usimlazimishe akwambie. Mpigie mchana, umekula, huna hata harufu, umwambie "dada nimeogopa, sikumbuki, na nimeanza siku 30 leo." Hata ukitoa sentensi hiyo kwa kigugumizi ni sawa, ulimi kuwa mzito mbele ya dada yako hakujamuua mtu.

Niandikie zikiisha, hata kama ulidondoka siku ya tisa. Na yule mshkaji wenu mrudishieni jina lake.

Anti